NDEGE WA MLIMA WA MAUTI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba vikubwa na vidogo, akakipa kila kiumbe umbo lake na riziki yake na ajali yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila afuataye mwendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Amma baad. Fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kuwa katika Amerika ya Kati iko nchi iitwayo Kosta Rika, iliyopakana na Panama. Katika nchi hiyo umepita mgongo wa milima mirefu, na katika milima hiyo mna mahali paitwapo Cerro de la Muerte, maana yake Mlima wa Mauti. Kilele chake chapita mita 3,400 juu ya bahari. Watu wa nchi walipaita jina hilo kwa sababu zamani, kabla ya kufunguliwa barabara ya magari, msafiri aliyetoka bonde la kusini kwenda miji ya katikati ilimbidi auvuke mlima huo kwa miguu, siku tatu au nne, na baridi ya usiku pamoja na mvua ziliwaua wengi njiani. Nao walikuwa watu wazima, wenye nguo na moto na chakula, na juu ya hayo walikufa.

Basi katika mlima huo huo anaishi ndege ambaye dume lake ni uzito wa kadiri ya gramu 6, na jike kadiri ya gramu 5. Urefu wake, tangu ncha ya mdomo mpaka ncha ya mkia, ni kama sentimita 11. Hana nyumba ila tawi, wala hana blanketi ila manyoya yake. Na baridi ile iliyowaua wasafiri yampitia yeye kila usiku, na kila asubuhi huonekana juu ya maua. Wenyeji kwa lugha yao ya Kihispania humwita Koo la Moto. Wataalamu Cabanis na Heine walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1860, wakampa jina la Kilatini Panterpe insignis. Hapatikani duniani illa katika milima ya Kosta Rika na magharibi ya Panama, katika misitu yenye ukungu na unyevu, ambayo miti yake imevikwa majani madogo mabichi kama zulia, na mawingu hupita baina ya matawi yake kama moshi.

Ndege huyo ni wa kabila la wavumaji, walioitwa hivyo kwa uvumi wa mbawa zao. Aina zao zapita 350, na wote ni wa Amerika tu. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamjua chozi, anyonyaye maua kwa mdomo mrefu, na atakayetaka kumfikiri mvumaji na aanze kwa chozi. Lakini hao si jamaa moja. Chozi aghalabu hutua juu ya kijiti ndipo anyonye. Mvumaji husimama hewani mbele ya ua, pasi na kushika kitu, kisha hurudi kinyumenyume kama mtu atokaye mbele ya mfalme. Mbawa zake zazunguka begani hata zampa nguvu ya kuinuka zikishuka na zikipanda. Katika Suratul-Mulk Mwenyezi Mungu amewataka watu wawatazame ndege walio juu yao, jinsi wanavyozikunjua na kuzikunja mbawa zao, wapate kumjua awashikaye wasianguke. Mwenye kumtazama mvumaji akisimama hewani amepata tafsiri ya aya hiyo kwa macho.

Sasa na lielezwe lililo khasa katika khabari ya ndege huyo, nalo ni hili: kila alicho nacho ni cha kuazimwa.

La kwanza ni uzuri wake. Mwenye kumwona juu ya tawi, hali jua limefichwa na wingu, humdhania kuwa ni ndege mweusi asiye na jambo. Lakini akigeuka, na nuru ikamwangukia mbele, mara koo lake huwaka kama kaa lililopulizwa: katikati wekundu wa shaba, na kandokando rangi ya chungwa lililoiva, kichwani buluu, kifuani buluu, mgongoni kijani, na mkia buluu iliyokoza. Akipinda shingo kidogo tu, moto ule huzimika, naye huwa mweusi tena kama kwamba hakuwa na kitu.

Watu wa elimu ya viumbe wameuchungua unyoya wa wavumaji kwa darubini kali, wakaona ya kuwa hamkutiwa humo rangi ya moto. Lililomo ni vijichembe vya weusi, bapa kama mikate midogo, vyenye mapovu ya hewa ndani yake, vimepangwa tabaka juu ya tabaka. Nuru ikizipiga tabaka hizo, nyingine hurudi kutoka tabaka ya juu na nyingine kutoka tabaka ya chini, zikikutana huzaa rangi. Ndivyo lilivyo povu la sabuni: maji yake hayana rangi, lakini likipigwa na jua huonyesha rangi za upinde wa mvua. Basi asili ya unyoya ule ni weusi, na moto wote ule ni wa nuru itokayo kwingine.

Na azingatie hayo kila aliyepewa jambo la kutazamwa na watu. Msomaji wa Qur'ani aliyepewa koo zuri, watu wakalia kwa kusoma kwake, naye akadhani ya kuwa machozi yao ni yake, huyo amesahau ya kuwa asili ya koo ni nyama, na uzuri ni nuru iliyolipiga. Mwanachuoni aliyefunguliwa fahamu, na tajiri aliyekunjuliwa mkono, na kijana aliyepewa sura, wote hao hali yao ni moja. Akigeuka na kuipa nuru mgongo, watu hawaoni illa weusi. Wala haikuwa nuru ndiyo iliyopungua. Yeye ndiye aliyegeuka.

La pili ni riziki yake. Chakula cha Koo la Moto ni maji matamu ya maua madogo yaotayo juu ya miti ya msitu ule, pamoja na wadudu wadogo. Moyo na mbawa zake huenda mbio mno, hata hawezi kuweka akiba ya siku nyingi. Ale leo ndipo aishi leo. Na mdomo wake ni mfupi, na baadhi ya maua ni marefu kama tarumbeta, hafiki chini. Lakini wako ndege wengine na nyuki wakubwa watoboao maua hayo ubavuni, na wakishaondoka huja yeye akanyonya kwa tundu lile lile. Mlango ambao hakuweza kuufungua amefunguliwa na mwingine, ambaye hakumkusudia yeye.

Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, aliwapigia watu mfano wa ndege atokaye asubuhi na njaa na kurudi jioni ameshiba, ili wajue namna ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na katika mfano huo ndege hutoka. Hakuambiwa akae katika kioto angoje. Basi kutegemea si uvivu. Lakini pia si kuingia katika haramu kwa khofu ya kesho, kama afanyavyo mwenye kupunguza mizani kwa hoja ya kuwa ana watoto wengi. Ndege wa gramu 6 hujua kwamba tundu la riziki hufunguliwa ubavuni mahali asipopatazamia, na mwenye akili akatae kujua?

Na jambo jingine lafaa kusemwa hapa. Mwaka 1970 wataalamu Wolf na Stiles waliandika khabari ya ndege huyu, ya kuwa dume hulinda maua yake kwa ukali, akimfukuza kila aingiaye. Lakini jike humwachia ale katika maua yale yale anayoyalinda. Wako wanaume walio wakarimu barazani, kahawa yao haikatiki, na wageni wawasifu, kisha nyumbani mke huomba senti ya mafuta ya taa mara tatu ndipo apewe. Hao na wamtazame ndege.

La tatu ni uhai wake wenyewe. Usiku katika milima ile baridi huwa kali, na mwili mdogo hupoteza joto upesi. Lau mvumaji angeuwasha moto wa mwili wake usiku kucha kama auwashavyo mchana, huenda angekufa kwa njaa kabla ya alfajiri. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu amewajaalia wavumaji usingizi usiofanana na usingizi wa ndege walio wengi. Moyo hupungua mwendo, pumzi huwa chache, na joto la mwili huteremka hata ukimgusa huwa baridi, wala hatikisiki, kama maiti. Katika milima ya Andes nchini Peru, wataalamu waliwapima wavumaji wa huko, wakatoa khabari zao mwaka 2020: mmoja wao joto la mwili wake liliteremka mpaka kadiri ya digrii 3 za Selsiasi, naye asubuhi akapata joto tena akaruka. Mwanadamu akiteremka chini ya hapo alipo kwa digrii chache tu, tayari huitiwa jamaa zake.

Katika Suratuz-Zumar imetajwa ya kuwa Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa mauti na wakati wa usingizi, akaizuia aliyoihukumia mauti na kuirudisha nyingine mpaka muda wake. Mtu hulala akasema kesho atafanya hili na lile, kama kwamba asubuhi iko katika kashabu yake na ufunguo u kiunoni mwake. Lakini yeye na mvumaji wa mlimani hali yao ni moja: wote wawili roho zao zimekwenda, na wote wawili hawana hila ya kuzirudisha.

Basi nuru si yake, na riziki si yake, na uhai si wake. Vyote ni ariya, yaani vitu vya kuazimwa. Na hukumu ya ariya yajulikana na kila aliyesoma vitabu vya fiqhi. Katika madhhab ya Imam Shafi'i (Mwenyezi Mungu amrehemu), kitu cha ariya ki katika dhamana ya aliyekiazima: kikiharibika mkononi mwake pasi na matumizi aliyoruhusiwa, yambidi alipe, hata akisema hakufanya uzembe. Wadia sivyo, aliyewekewa kitu halipi ila akizembea au akipita mpaka. Basi mtu na auchukue mfano huo kwa nafsi yake, kisha atazame watu walivyoifanyia ariya ya mwenyewe Mola katika ndege hawa.

Katika karne ya kumi na tisa wavumaji waliuawa kwa maelfu mengi, wakachunwa, ngozi zao zikapelekwa Ulaya na kuuzwa kwa mnada London, ili manyoya yao yapambie kofia za wanawake. Alikuwako Uingereza mtaalamu wa ndege jina lake John Gould. Mwaka 1851 aliweka katika bustani ya wanyama ya London maonyesho ya wavumaji waliokaushwa, na maelfu ya watu walikwenda kuwatazama, na Malkia Victoria miongoni mwao. Aliandika juu yao kitabu kikubwa chenye picha za rangi, juzuu baada ya juzuu. Na juu ya elimu yake yote hiyo alikuwa hajapata kumwona mvumaji hata mmoja aliye hai, mpaka aliposafiri Marekani mwaka 1857, akamwona katika mji wa Philadelphia. Akatamani kuwaleta kwao wachache walio hai, akawachukua merikebuni. Lakini hakuna aliyeishi baada ya safari ile ila muda mchache. Ngozi alikuwa nazo nyingi, na kila moja ukiigeuza kwenye nuru humetameta; uhai tu ndio uliokataa kuwekwa sandukuni.

Hatimaye walitokea wenye kuona haya. Mwaka 1889 walikusanyika wanawake nchini Uingereza wakafanya chama cha kupinga mapambo ya manyoya, na mwaka 1921 ikatungwa sheria ya kuzuia manyoya hayo kuingizwa katika nchi hiyo. Jambo ambalo watu wa Ulaya walilifikia baada ya mauaji makubwa, Mtume (S.A.W.) alikuwa amekwisha kulifundisha zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla yao. Katika Hadithi iliyopokewa na Nasai ametoa khabari ya kuwa ndege aliyeuawa bure atamshitaki mwuaji wake mbele ya Mola siku ya Kiyama, ya kwamba alimwua kwa mchezo wala si kwa manufaa. Na Abu Daud amepokea khabari ya ndege ambaye masahaba walimchukulia vifaranga vyake, naye akaja akipigapiga mbawa juu yao. Mtume akauliza ni nani aliyemtia ndege huyo msiba wa watoto wake, akaamrisha warudishwe.

Na ndege wa Mlima wa Mauti pia ni mama. Jike peke yake hujenga kioto kwa nyuzi za mimea na utando wa buibui, katika ncha ya mti wa jamii ya mianzi unaoning'inia, au katika mizizi midogo ya ukingo wa ardhi. Hutaga mayai mawili meupe, akayaatamia siku 15 mpaka 19 katika baridi ile. Basi mwenye kumpiga mama mmoja amewaua watatu, na huenda asiwaone wale wawili ila siku watakapoletwa mbele yake kumshitaki.

Huenda mtu akasema: hizi ni khabari za nchi za mbali, wala hapa hakuna mvumaji wala hakuna anayemwua. Jawabu lake ni kwamba ndege wa mbali ametajwa ili wa karibu aonekane. Siku ya Alkhamisi watoto wakifunguliwa chuoni, wengine huchukua manati na wengine ulimbo, wakaenda kuwinda chozi na shorewanda. Hawamli, hawamwuzi, wala hawana haja naye. Humpiga akaanguka, wakamgeuza mkononi wakati joto lake halijatoka, wakamtazama rangi zake, kisha wakamtupa kwa siafu. Na mzazi aketi barazani aona, na mwalimu apita aona, na hapana asemaye neno. Abdullah bin Omar (R.A.) alipowakuta vijana wamefunga ndege wampiga shabaha, walimkimbia, naye akasema ya kuwa Mtume amemlaani afanyaye kitu chenye roho kuwa shabaha. Wale vijana walijua vya kutosha hata wakakimbia. Wa leo hawakimbii, kwa kuwa hawakuambiwa na mtu.

Wala isidhaniwe ya kuwa dini imewanyima watoto kufurahi na ndege. Alikuwako Madina mtoto jina lake Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, na alikuwa na kijindege akicheza nacho. Kijindege kikafa, na Mtume akaja akamwona mtoto ana huzuni, akasema naye kwa maneno ya upole na mzaha wa kumliwaza. Mwanachuoni wa Kishafi'i, Ibn al-Qass wa Tabaristan, aliandika kijitabu juu ya Hadithi hiyo moja, akatoa humo faida sitini. Na wanavyuoni wamechukua humo ruhusa ya mtoto kumweka ndege wa kucheza naye, maadamu hamtesi wala hamnyimi chakula na maji. Basi haikukatazwa furaha, limekatazwa kuharibu. Atazamaye mtu mkubwa kama yule akiketi na mtoto kwa ajili ya kijindege kilichokufa, atajua ya kuwa kifo cha ndege si jambo la kupita bila kuulizwa.

Ewe mwalimu, Alkhamisi ijayo, kabla hujawafungua wanafunzi, waambie habari hii. Ewe mzazi, lichukue lile manati. Na ewe kijana, ukimwona chozi juu ya ua, kaa kimya umtazame mpaka jua limpige, nawe utauona uzuri wake wote pasi na kulipa dhamana ya roho yake.

Na huko katika Mlima wa Mauti usiku ukisha, jua hupenya ukungu, na ndege aliyelala kama maiti hutetemeka, akapata joto, akafumbua macho, akaruka kwenye ua la kwanza. Nuru ikimpiga, koo lake huwaka. Amerudishiwa alivyoazimwa, kwa siku moja nyingine. Kadhalika kila aliyeamka leo.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kuzitunza ariya alizowapa, na awape kuzirudisha kwake hali hazina madai ya mtu wala ya ndege. Amin.

Wallahu aalam.